Mtambo Usiohitaji Mtu

Kariakoo, 4 Machi

...na tena, Somo, jambo ambalo sikulimalizia katika barua iliyopita: mume wangu ananishika mkono sokoni, watu wote wanatuona! Shikamoo lakini. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, tumenenepa kwa raha.

Abdulhamid amerudi kazini. Unakumbuka ulivyotunyang'anya simu fungate nzima? Kumbe yeye peke yake ofisini ndiye anayejua kuiandaa programu yao ya mauzo na kuituma kwenye simu za wenye maduka. Ikaharibika tukiwa fungate, wakamtafuta wasimpate. Maduka yakauza kwa kukisia. Bosi wake, Jeet, hakufoka. Alisema tu, "Bwana harusi, tutafutie mtambo wa kufanya hayo."

Basi jioni analinganisha miwili, kichwa mapajani mwangu. Mmoja unataka mtu wa kukagua na kuruhusu. Wa pili unaandaa, unajaribu, unatuma wenyewe. Ukikosea, unarudisha programu ya zamani. Akaniuliza, "Ungekuwa wewe?"

"Huo usiohitaji mtu, mpenzi, uwahi nyumbani!"

Akanibusu, akaendelea kuandika ripoti ya Jeet.

Mwanao, Badria

Pangani, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile, inanifikisha msikitini. Nafurahi mnapendana, sikukufunda bure.

Mitambo siijui. Ila nijibu: huo wa pili ukishafanya yote wenyewe, mumeo ataenda pale kufanya nini? Mwambie achague ule wa kwanza. Leo leo, Badria. Simu zile nilizifungia kwa nia njema, sasa zinaninyima usingizi.

Somo yako, Mwanamkuu

Kariakoo, 2 Aprili

Somo yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Barua yako ilikuta ripoti imeshapokelewa. Nilimsomea. Akasema alilijua hilo tangu alipoanza kulinganisha.

"Sasa kwa nini, Abdul?"

"Niwaandikie uongo? Huo wa pili ndio bora."

Jeet alimkumbatia, akamwambia hana tena kazi ya kumpa. Na mtambo unafanya kazi vizuri, Somo. Duka la chini yetu haliwakwamishi wateja hata kidogo.

Abdul bado mzuri, wallahi. Akivaa shati asubuhi kwenda kuomba kazi, moyo unanidunda kama siku ya nikahi. Lakini akirudi anakaa dirishani, nikimwita anaitika kama mgeni.

Chumba tunakirudisha. Atahamia kwa rafiki yake Gaudens, Ilala, wanaume watupu. Mimi pale sina pa kulala.

Tutakuja kwako kabla mwezi haujaisha. Yeye ataondoka kesho yake. Mimi nitabaki.

Mwanao, Badria