Sauti Yako Kwenye Mashine ya Mama Vumi

Fundi Lwitiko, ndugu yangu,

Mbeya nzima hii, nitafutie mtu mwenye bahati kunishinda mimi. Humpati. Watu wanafiwa, wanabaki na picha moja ya kitambulisho, marehemu amekunja uso kama kachelewa basi. Mimi nimebaki na sauti yako. Ipo nzima, kwenye chipu ndogo kama kipande cha ukucha, na aliyeitoa ni mimi, niliyeishia kidato cha pili. Mwanjelwa yote nimeshaitangazia. Hata mama wa maparachichi anajua, naye kanichoka: "Wewe baba, kaa basi, unanizungusha kichwa." Sikai. Tangu juzi sikai.

Ngoja nikupe habari, maana uliondoka mapema.

Kibanda chetu kipo. Natengeneza redio, chaja, sabufa za vijana wanaotaka mtaa mzima usilale. Mashine za kutotolesha vifaranga sijaunda tena. Zile tulizouza Kilolo ziliendelea kuwakumbusha wafugaji kwa sauti yako: "Mama, geuza mayai! Usiniangalie, geuza!" Unakumbuka siku ya kurekodi? Ulitaka kimya. Kimya, Mwanjelwa! Ukiwa katikati ya neno akapita jamaa ananadi suruali za mtumba, akaingia mlemle. Kwa hiyo Kilolo nzima vifaranga walianguliwa huku mtu anawauzia suruali. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, wewe ukanuna hadi jioni.

Baada ya kukuzika, simu zikaanza. Mzee mmoja alisema yeye hawezi kuamriwa na marehemu alfajiri, tena nyumbani kwake. Wengine wakaona aibu kusema, wakasingizia spika. Wakanitumia bodi za mashine kwa basi, nikafuta sauti yako moja baada ya nyingine, nikaweka mlio wa kengele. Sikujali sana, maana ile ya asili ilikuwa kwenye laptop yetu. Masika ileile umeme ukakatika, ukarudi na hasira, laptop ikaenda nao.

Mama Vumi wa Kilolo peke yake alikataa ufutwe. "Mwacheni fundi wangu aseme," alisema. "Akinyamaza, mimi nitabaki naongea na kuku?"

Sasa sikia kuhusu mwanao. Atu ulimwacha ananyonya. Leo yuko darasa la kwanza pale Kihesa, kwa bibi yake, na ana domo kama la kwako. Juzijuzi kamuuliza mama yake: "Baba alikuwa anaongeaje?" Shemeji akapekua simu yake yote, sauti yako haimo. Wewe na kile kisimu chako cha kitochi! Dunia nzima inatumiana sauti kwenye simu, wewe unasema mwenye shida aje kibandani. Shemeji akanipigia analia. Nikamwambia, "Shemeji, futa machozi, unaongea na mtaalamu. Mimi nimefika mpaka Lusaka."

Nikamwomba Mama Vumi bodi yake. Akaituma kwenye boksi la sabuni, kaivingirisha kwenye kipande cha kanga kama mtoto mchanga. Kisha akanipigia: "Fundi amechoka siku hizi. Kwanza lilimpotea neno 'mama'. Baadaye ikabaki 'geuza' tu. Sasa anakoroma." Nikajisemea ni spika. Mimi kila kitu ni spika.

Nikabandua chipu kwenye bodi, buibui wetu, maana ana miguu minane. Nikamfunga kwenye maikrokontrola ya mezani, kile kikompyuta cha kusomea chipu, waya kwa waya, na umeme nikaupima mara mbili. Unakumbuka yule wa kwanza niliyemuunguza kwa volti tano, anayetaka tatu na kidogo? Nikakuambia ule moshi ni wa chapati za jirani. Safari hii nilitulia. Nikamuuliza jina kwanza, kama ulivyonifundisha, maana buibui asiyejibu jina hana la kukuambia. Akajibu hapohapo! Nilipiga kelele mpaka mama wa maparachichi akamwaga chai. Data zikaanza kutoka moja moja, kama waumini wanaokwenda madhabahuni, hakuna kusukumana. Hata hazijafika nusu nikawa nimeshampigia shemeji. "Ipo nzima! Jumamosi naileta." Nikamsikia anamwita Atu. Nikamsikia Atu anaruka.

Lwitiko, kwa nini hukunifundisha kufunga mdomo?

Unakumbuka tulivyoipanga ile chipu. Mwanzoni sauti, nyuma yake kumbukumbu za joto, mashine iandike mchana na usiku, ili vifaranga wakifa tujue mayai yalipoa lini. Ukaniambia chipu hizi ni kama chumba kidogo: huwezi kuongeza kiti mpaka utoe vyote vilivyomo. Ukauliza, "Na ikijaa?" Nikakujibu kwa kujiamini, "Irudi mwanzo. Kwani sisi si tutakuwa tunakwenda? Kila wakiangua tunakwenda, tunazifuta zile za joto." Na kweli tulikuwa tunakwenda, wewe kwa ajili ya mashine, mimi kwa ajili ya makande ya Mama Vumi.

Ulipokufa sikwenda tena. Nilijaribu mara moja, nikafika Iringa stendi, nikaona kiti cha pembeni kitupu kwenye gari la Kilolo, nikashuka. Mashine nayo haikuambiwa kuwa umekufa. Iliendelea kuandika tu. Ikajaa. Ikarudi mwanzo.

Jana nilikuiga. Unajua ninavyokuiga, hata wewe ulikuwa unageuka kuangalia. Nikarekodi na muuza suruali nyuma yangu, nimemwita makusudi. Mama wa maparachichi akasikia, akashika kifua: "Ni yeye kabisa." Nikaiandika kwenye chipu mpya, nikaifunga kwenye kile kipande cha kanga. Halafu nikamuona Atu kichwani mwangu, mtu mzima, anawaambia watoto wake babu yenu aliongea hivi, kumbe ni domo langu mimi. Nikaifungua, nikaifuta. Mama wa maparachichi hajui, bado anasimulia.

Kesho ndiyo Jumamosi. Naingia basi la Iringa la asubuhi, nakwenda Kihesa mikono mitupu, nitamwambia shemeji, nitamwambia na Atu, bila kusingizia spika. Akilia, nitakaa palepale mpaka amalize. Halafu nitamweleza ulivyoongea: ulivyovuta neno la mwisho, ulivyosema "eeh" kabla hujakataa kitu. Likizo nitampeleka Kilolo kwa Mama Vumi, aisikie habari yako kwa mtu aliyeamshwa na wewe miaka yote hii. Na kila vifaranga wakitoka nitakwenda, hata kile kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Hilo nakuahidi, na safari hii sijampigia mtu kujisifu.

Pumzika, fundi wangu. Kibanda nitakifagia.

Ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Sauti yako sinayo. Chipu yote, mwanzo hadi mwisho, ni joto la mayai.