Siku Evaldo Alipoziosha Nywele za Luciara

Mtaa wa Três Figueiras 214,
Pelotas, Rio Grande do Sul.
24 Februari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Celanira,

Salamu nyingi zikufikie huko Belém, wewe na shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, nami nakujua, utapanda tu. Sisi hatujambo. Unyevu wa hapa ni uleule, kuta zinatoa jasho na sukari inaganda mkebeni, lakini mikono yangu bado inakoroga viini vya mayai na wateja wa quindim, vile vitamu vyangu vya mayai na nazi, bado wanabisha hodi.

Nakuandikia hasa kuhusu Luciara wetu, mtoto wa marehemu ndugu yetu Ivone. Amepata nafasi ya kusomea udaktari! Nililia mpaka nikaunguza sufuria nzima. Ila nafasi yenyewe ni mojawapo ya zile zilizotengewa watu weusi, na kabla ya kuandikishwa ilibidi afike mbele ya jopo la chuo, watu watano wamtazame waseme kama kweli ni mweusi. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Unamjua kaka yetu Evaldo. Yeye amestaafu jeshi, lakini jeshi halijamtoka. Ndiye aliyemlea mtoto huyu tangu ana miaka minne, na kura yake unajua inakwenda wapi. Dada yetu Jussara naye, na ualimu wake na chama chake cha wafanyakazi, kura yake inakwenda upande wa pili wa dunia. Jumapili moja tulikuwa uani, kibuyu cha chai chungu kinazunguka, Evaldo akaanza.

"Ubaguzi ni kumpima mtu kwa ngozi yake. Basi! Ukimkataa kwa ngozi umembagua, ukimpokea kwa ngozi umembagua. Mimi vyeo vyangu nilivipata kwa jasho."

"Kaka, ubaguzi si tusi la mtu mmoja," Jussara akamjibu. "Pale shuleni kwangu walimu ni arobaini, weusi wawili. Jikoni wote weusi. Nani kamtukana nani? Hakuna! Na bado tuko jikoni."

"Na siku akikosea sindano? Si watasema huyu ndiye yule wa kupewa? Hicho ndicho unachomtakia mtoto wangu?"

"Watasema hata akipatia!"

Evaldo akanirudishia kibuyu, akasema, "Asante," akaondoka. Hujasahau maana yake kwetu: anayeshukuru amejitoa, hanywi tena. Karibu wiki mbili hakukaa nasi uani. Na Luciara akaniambia, "Mama mkubwa, bila mjomba siendi." Jopo lilikuwa Alhamisi, na asiyefika nafasi inampita.

Nakuambia kweli, mimi sijui nani kati yao yuko sahihi. Miaka arobaini napeleka vitu vitamu kwenye majumba ya wakubwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitukana, wananiita mpenzi wao, na mlango wa mbele siujui. Jussara akisema yake, miguu yangu inamkubali. Lakini Jussara huyohuyo humnunia jirani yetu Zaíra kwa sababu tu ni mzungu wa macho ya buluu, na Ivone alipokuwa anakufa ni Zaíra aliyekuwa akimgeuza kitandani. Evaldo hajalisahau hilo, nami sijalisahau.

Alhamisi alfajiri nikafanya kile mama alichotufanyia kila siku kubwa, nikitumaini tu kwamba mtoto atakubali kwenda. Nikapasha moto kitana cha chuma, nikamnyoosha nywele mpaka zikalala kama za sanamu ya kanisani. Jussara alipoingia akapiga yowe.

"Dada, umefanya nini! Unamnyoosha nywele aende kwa watu wanaotaka kuziona zilivyo?"

Evaldo alikuwa amesimama mlangoni. Alidai amefuata nyundo yake. Akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike Ivone.

"Miaka sitini tunazichoma ili tukubaliwe. Leo tuziache ili tukubaliwe. Halafu mimi ndiye sielewi ubaguzi!"

Jussara naye akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nampa heko, alikubali kufungwa bao.

Evaldo akakunja mikono ya shati. "Leteni maji." Akamwinamisha mtoto kwenye beseni, akamwosha nywele yeye mwenyewe, taratibu, kama alipokuwa mdogo, nazo zikajikunja zote zikarudi zilivyokuwa. "Jopo lao nalipinga," akamwambia, "leo nalipinga, na kesho pia. Lakini huendi kusimama mbele ya wageni watano peke yako."

Celanira, kumsindikiza mtu pale unapopaamini hata mimi naweza. Nilimpenda kaka yetu asubuhi ile kuliko siku zote.

Tulingoja nje ya lango la chuo, yeye na suti yake ya harusi katika lile jua. Mtoto akatoka upesi mno, mpaka tukashtuka.

"Wamekutazama muda gani?"

"Dakika mbili, mjomba."

"Dakika mbili!" Akanigeukia. "Mimi namtazama mtoto huyu mwaka wa kumi na tano, na bado sijammaliza."

Jana majina yalitoka, na lake limo. Masomo yanaanza mwezi ujao.

Leo mchana tulikaa uani sote. Hawakumaliza hata mzunguko mmoja kabla hawajaanza tena ubishi uleule, ngozi hivi, jikoni vile, na Luciara katikati anacheka. Kibuyu kikamfikia Evaldo. Akanywa mpaka kikakoroma, akaninyooshea. Nikawa namtazama mdomo. Hakusema asante.

Nisalimie shemeji Otoniel, na Mariluz, na wale mapacha. Evaldo anakusalimu, na ameniagiza niandike kwamba hajabadili mawazo. Jussara anakusalimu, naye ameagiza vivyo hivyo. Mungu akutunzie goti na akujaze amani nyumbani mwako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Dorvalina