Mpaka Ghala la Mahindi

Jumamosi jioni

Magoti tena. Nimechoka na hii mambo ya kukimbia kilomita thelathini. Kaka yangu Kiprono ndiye alinipangia hizo kilomita kila Jumamosi, eti kwetu hakuna mtu wa mbio fupi. Miezi minne narudi nyumbani natapika, halafu nawafokea watoto bure.

Leo mwili ulikataa. Niligeukia pale kwa ghala la mahindi, kilomita nne kutoka hapa, na kwa njia ya kurudi nikajikuta naimba.

Mama alikuwa jikoni. "Kwani leo hujakimbia?"

"Nimekimbia nane tu, Mama."

"Na unataka chakula?"

Naogopa kumwambia Kiprono. Hata viatu ni yeye alininunulia. Akiniuliza nimekimbia ngapi, nitamwambia nimekula sahani mbili.