Ujumbe wa Saa Nne

Ijumaa, Julai 1997. Meru mjini.

Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na mlima hatujauona wiki nzima. Nimevaa sweta mbili na bado sijapata joto, ingawa nikisema ukweli, si baridi.

Shajara, nimeichoka hii kazi. Nimeichoka mpaka kwenye mifupa.

Kampuni ilipoleta kompyuta, mimi ndiye niliyepelekwa kusomea mambo yake, kwa sababu tu nilikuwa nachapa haraka. Nikarudi na cheo kirefu cha msimamizi wa mtandao, nikapewa chumba kidogo kilichokuwa cha mafagio. Humo ndimo inakaa ile mashine kubwa iliyounganishwa na kompyuta zote za ofisi. Nikiandika ujumbe pale, unatokea chini ya skrini ya mtu na kompyuta yake inalia tii! Haifanyi kitu kingine mpaka abonyeze vibonye viwili. Akishabonyeza, maneno yanapotea. Hayakai popote.

Kila siku saa nne huwatumia ujumbe watoke kwenye mashine ili ninakili kazi ya asubuhi. Kwa vile inachukua muda wa kikombe kimoja, wao huenda jikoni kunywa chai. Siku hizi hakuna anayesoma. Tii! ikilia wanabonyeza, wanachukua vikombe, wanaenda. Na mimi nilikuwa nafurahi, sitadanganya. Nilijiona kama mama anayeita watoto kula.

Leo, saa nne ikikaribia, meneja aliingia chumbani kwangu na koti la safari tayari mabegani. Tumesikia muda mrefu kwamba watu watapunguzwa. Sisi tunauza mbolea na dawa za kahawa, na wakulima wenyewe wameanza kuing'oa kahawa wapande mahindi, sasa nani atanunua? Akanitajia watu wanne. Watatu wanaenda nyumbani leo leo. Atakayetangulia kufika ofisini kwa meneja, kabla meneja hajaondoka kwenda Nairobi, ndiye atakayepelekwa kufanya kazi stoo yetu ya Ruiri. Ujumbe wenyewe lazima uwe mfupi, mashine haikubali maneno mengi, kwa hivyo akanisomea: "Njoo kwangu sasa. Kazi Ruiri, nafasi moja."

Jina la pili lilikuwa la Kanana.

Kanana ndiye mtu wa kwanza kunisalimia katika mji huu nilipotoka kwetu Runyenjes, sijui mtu, sijui hata njia ya kwenda sokoni. Mpaka leo haniiti jina langu, ananiita Muembu, kwa kabila langu. Akiniona nimenuna ananiuliza kama nimekumbuka githeri ya mama, mahindi na maharagwe ya kwetu. Mume wake yuko nyumbani Githongo, mgonjwa tangu mwaka jana, na watoto hawana mwingine wa kumtazama ila yeye.

"Meneja, hii ni saa ya chai," nikasema.

"Tuma. Na usiende kumnong'onezea mtu. Wote waipate kwa mashine, hiyo ndiyo haki."

Nikatuma.

Mlango wangu una kioo. Kompyuta nne tu ndizo zilizolia, lakini ofisi nzima iliinuka, maana wenzao wakiinuka saa hiyo wanajua ni chai. Kanana alibonyeza vile vibonye huku amegeuka nyuma akicheka na jirani yake. Akafunika kompyuta kwa kile kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa kijani, vumbi lisiingie. Halafu akaninyanyulia kikombe kupitia kwenye kioo, niende.

Nilisimama pale nimeshika kitasa. Nilimwogopa meneja. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, jina la tano litakuwa langu, na mama yangu Runyenjes ananitegemea mimi. Nikaenda jikoni hivyo hivyo.

Kanana akanimiminia chai, akanichagulia kipande kikubwa cha nduma ya kuchemsha. "Muembu, leo umetuita vizuri. Tumbo lilikuwa linanguruma mpaka wateja wanasikia."

Wote wakacheka. Nami nikapokea. Nikanywa.

Ngai, Mungu wangu, nilikunywa ile chai!

Nilizinduka nilipoangalia watu na kuona Mzee Gitonga hayupo. Huyu ni karani wetu wa stoo, na jina lake lilikuwa la nne. Hanywi chai kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kwa hivyo saa nne hajawahi kuinuka. Anabaki mezani peke yake, na mtu aliyebaki mezani anasoma.

Nikamshika Kanana mkono. "Nenda kwa meneja sasa hivi. Ule haukuwa ujumbe wa chai."

"Wewe, wacha mchezo."

"Kanana, aki ya Mungu, kimbia!"

Akaniangalia usoni, akaweka kikombe chini. Viatu vyake vilikuwa vimelowa na mvua, alikuwa ameviweka kando ya jiko vikauke. Hakuvaa. Alikimbia na soksi.

Mzee Gitonga alikuwa anatoka ofisini kwa meneja na bahasha mkononi. Alipomwona, akasimama kando ya ukuta. "Mama, nilingoja kidogo," akamwambia. "Sikuona mtu. Nilidhani nyinyi hamtaki Ruiri." Siwezi kumlaumu. Naye ana watu nyumbani.

Meneja alimwambia Kanana kwamba mashine ilimwita na yeye mwenyewe akabonyeza, kwa hivyo habari aliipata. Kisha akaingia kwenye gari.

Nilidhani Kanana atanipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele. Alirudi kwenye meza yake, soksi zikiacha alama za maji sakafuni, akaniita. "Nionyeshe tu nilichoandikiwa. Nataka kusoma."

"Haupo tena. Ukibonyeza unapotea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafunua kompyuta, akaitazama skrini tupu kwa muda. Akakunja kile kitambaa cha kijani akakitia mkobani. Alipofika mlangoni alirudi, akakitoa, akaifunika tena. "Vumbi," akasema. Hakuniita Muembu.

Jioni nimefuta majina manne kwenye mashine kubwa, kama nilivyoagizwa. Ni kazi ndogo sana, hata maji ya chai hayangekuwa yamechemka. Sasa nimekaa kwenye chumba changu cha kupanga, nimepika ugali na nimeshindwa kuula. Namfikiria Kanana akiteremka Githongo kwenye hayo matope, na mgonjwa anamuuliza mbona amefika mapema.

Jumatatu saa nne itabidi nitume tena, maana kazi ya asubuhi lazima inakiliwe. Tii! italia. Najua hakuna atakayeinuka. Watainama kwenye skrini, watasoma kila neno, halafu watasoma tena.

Na mimi nitakuwa nimewaita chai tu.