Tangazo la Matombo

Shikamoo mama,

Morogoro mvua haikatiki, Uluguru wote umemezwa na mawingu. Leo nilimsindikiza binamu Rehema kazini, redio ya chuo. Saa saba aliingia studio kusoma matangazo ya vifo. Wa mapokezi alikuwa ameenda kuswali, simu ikaita, nikaipokea mimi. Mwanamume alikuwa anahema.

"Dada, tangazo la kaka yetu lisisomwe kwanza. Tumekwama kwenye tope, hatujafika kijijini Matombo. Mama yetu hajaambiwa, na yeye redio yenu haizimi kamwe."

Taa nyekundu ikiwaka mlango wa studio haufunguliwi. Nikaandika kwa herufi kubwa, LA MATOMBO USISOME, MAMA YAKE HAJUI, nikaibana karatasi kwenye kioo. Rehema alikuwa ameshasema, "Familia ya Matombo inasikitika kutangaza kifo cha," ndipo akaniona. Akanyamaza. Kisha akaweka wimbo.

Ikapita saa nzima. Simu ikaita tena.

"Tumefika. Tumemkuta mama ameikumbatia redio, anatuuliza ni yupi kati yetu. Someni sasa."

Mama, kesho tunapanda Matombo kuwapa pole, kwa barabara hiyo hiyo. Redio yako izime mpaka nikupigie.

Mwanao akupendaye,
Zuhura