Sikio la Mjomba Kambare

4 Machi

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na watoto wote. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika. Tunakalishwa kwenye viti vya mbao kutwa nzima kama watoto wa darasa la kwanza. Ningekupigia simu, lakini najua utaniambia, "Ongea kwa sauti, mbona siku hizi watu mnanong'ona?" mpaka salio liishe. Bora niandike, dereva wa lori la bwawani akuletee.

Nina habari. Yule daktari mzee anayewapima ninyi wapiga mbizi wa bwawani kila mwaka anastaafu. Mganga mkuu amenileta huku mjini kwenye mafunzo, tujifunze jinsi ya kumpima mtu na kusema kama mwili wake unafaa kushuka chini ya maji au haufai. Nikifaulu, mimi ndiye nitakayetia sahihi kwenye vyeti vyenu. Mimi, ninayeogopa hata pipa la maji!

Mwalimu wetu ni mama mmoja mfupi, daktari mstaafu wa wanamaji, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Jana alitufungia ndani ya chombo cha chuma, mfano wa tangi la mafuta lililolazwa, wakajaza hewa mpaka tukawa kama watu walio chini kabisa ya maji. Sauti zetu zikawa nyembamba kama za vifaranga. Mwalimu akauliza, saba mara nane ni ngapi? Bingwa wa upasuaji, mtu mzima na mvi zake, akajibu, "Ndizi," akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jirani yangu wa dawati hakucheka. Ni daktari mrefu asiyecheka kwa lolote, tumembandika jina la Mnara.

"Mmeona?" akasema mwalimu. "Huko chini hata mzima hulewa bila kunywa. Sasa ninyi mkimshusha mgonjwa?"

Niombee.

Mpwa wako


12 Machi

Daktari wangu,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima, ila mkaza mjomba wako anasumbuliwa na goti, na goti linatusumbua sisi sote.

Barua yako nimeisoma mbele ya kikosi kizima, tukashangilia. Cheti kimeingia kwenye ukoo! Yule mzee alikuwa na utaratibu mzuri, usije ukauharibu. Anakuuliza, "Kambare, unapumua?" Unasema, "Napumua." Anagonga muhuri, mnaongea habari za mbuzi wake, unakwenda zako. Cheti changu kinakwisha mwezi wa sita, kwa hiyo ujiandae.

Kazi ipo. Takataka zimeziba vyuma vya kuchujia maji kabla hayajafika kwenye mitambo ya umeme. Juzi nimetoa godoro zima. Ni nani anayetupa godoro bwawani? Taa za mji wenu zilififia kwa sababu ya usingizi wa mtu mmoja.

Marehemu dada yangu angekuona leo angepiga vigelegele. Usisome ukasahau kula.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mkaza mjomba linaendeleaje? Asilikande kwa maji ya moto sana.

Mimi nimeaibika. Mwalimu hutuigizia: anavaa kofia ya kazi, anajifanya mpiga mbizi mzee mwenye kasoro, nawe unapaswa kumwambia hafai. Zamu yangu ilipofika akaniambia ana watoto wengi, akanishika mkono, akaniita "mwanangu". Mjomba, niligonga muhuri. Mwalimu akavua kofia, akanitazama. "Hongera, binti. Umeshamzika." Nimepata sifuri, nitarudia.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Leo tumesoma masikio. Mwalimu kasema, mwambie mtu abane pua na kupuliza taratibu. Hewa ikitokea sikioni, ujue ngoma ya sikio ina tundu, na huyo haendi chini ya maji. Mnara akauliza, "Utajuaje kama hewa inatokea sikioni?" Mwalimu akajibu, "Wengine utawasikia. Linalia kama filimbi."

Kalamu ilinidondoka. Nilikuona kwenye harusi ya binamu, watoto wamekuzunguka, "Mjomba, piga filimbi ya sikio!" nawe umebana pua, unawapigia wimbo wa bibi harusi kwa sikio la kushoto. Ukoo mzima tulipiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu zaidi, na nilikuwa tayari daktari! Nikashindwa kunyamaza, nikamsimulia Mnara.

Nijibu kweli, Mjomba. Linauma? Linatoa usaha?

Mpwa wako


30 Machi

Daktari wangu,

Marahaba. Goti halijambo, ulimi wa mwenye goti ndio umevimba.

Filimbi ile si ugonjwa, ni kipaji. Wapo wenye sauti, wapo wenye miguu ya kuchezea mpira, mimi nimepewa sikio. Unasema lina tundu. Sindano nayo ina tundu, na inashona! Linatoa majimaji mara moja moja, kama pua. Nikishuka naliziba kwa pamba na nta, tunaendelea.

Sasa nisikilize, kwa sikio lolote ulilonalo. Wewe andika tu "anafaa". Neno lenyewe ni fupi. Haiwezekani Kambare akatazwe maji na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimuogesha kwenye beseni, akipiga kelele kama anachinjwa. Nikitolewa majini nitakuwa nani? Kambare wa nchi kavu ni kitoweo.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini wote mko salama.

Nimefikiri sana, na sitazunguka mbuyu. Sitatia sahihi.

Nilirudia lile zoezi. Safari hii mwalimu alilia zaidi, akapiga magoti sakafuni. Nikamwambia hapana. Nikafaulu. Kisha nikaenda chooni, nikalia, kwa sababu muda wote ule chini ya kofia ile nilikuwa naiona sura yako.

Maji ya baridi yakipenya kwenye tundu lile, mtu anaweza kushikwa na kizunguzungu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Akitapika ndani ya barakoa, basi tena. Lakini kuna bingwa wa masikio hapa mjini anayeziba ngoma ya sikio kwa kiraka anachokikata mwilini mwako mwenyewe. Pakipona vizuri, watu hurudi majini. Nimekushikia nafasi.

Unichukie ukitaka. Chuki yako nitaivumilia, msiba wako siuwezi.

Mpwa wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mko wazima? Sijapata jibu lako. Dereva wa lori anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, kisha ukamuomba kiberiti.

Natumaini ulikuwa unawasha jiko.

Mpwa wako


19 Mei

Daktari,

Marahaba. Sisi wazima. Sikuwa nawasha jiko.

Barua yako niliisoma mpaka pale "sitatia sahihi", nikaichoma. Nikajisemea, huyu amekuwa mkubwa, shule imempanda kichwani. Madaktari wapo wengi. Nikavaa shati la harusi, nikasafiri mpaka mji wa tatu, ambako hata mbwa wake hawanijui.

Nikamkuta daktari mmoja mrefu, kanuna kama anadai. Akanipima macho, akanipima mapafu, akanipandisha na kunishusha kwenye kistuli mpaka nikaona nyota. Yote nikafaulu. Nikaanza kuvaa shati. Akasema, "Bado. Bana pua, puliza taratibu."

Nikavimbisha mashavu.

"Pua, mzee. Si mashavu."

Nikapuliza kidogo sana, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Mpwa wangu, tangu nizaliwe sikio lile halijawahi kulia kwa ufasaha namna ile! Nesi wa chumba cha pili alikuja kuchungulia. Yule bwana aliyenuna akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe ndiye Mjomba Kambare!" akasema. "Wa wimbo wa bibi harusi!"

Kumbe ndiye yule Mnara wenu, nawe umenitangaza nchi nzima. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini akafuta machozi, akanivutia kiti. "Mzee, mpwa wako siku aliyofaulu kukukatalia, alijifungia chooni akalia. Darasa zima tulimsikia. Mwalimu alisimamisha somo." Halafu akaniambia habari za bingwa na kiraka, na nafasi uliyonishikia. Hayo yote yalikuwemo kwenye barua yako, sivyo? Sikuyafikia. Nilikuwa nimeshawasha kiberiti.

Nilikaa kituoni, mabasi mawili yakaniacha. Nilidhani umenikatalia kwa wepesi.

Ile nafasi bado ipo?

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Ipo! Njoo kabla ya Jumatano, na usilete shati la harusi, utalitia dawa.

Mpwa wako


3 Agosti

Daktari wangu,

Marahaba. Tangu uliponisindikiza stendi na kiraka changu sijambo, ila ninaishi kama yai. Nisichemue, nisipenge kamasi, nisibebe kitu. Pilipili imefichwa. Nikikunja pua tu, mkaza mjomba wako anapiga yowe na majirani wanakuja.

Kusikia nasikia, tena kupita kiasi. Nilikuwa sijui kwamba mke wangu hunung'unika. Miaka yote nilidhani anaimba.

Bosi amenipa kazi ya juu, kushika kamba na kuwapima kwa macho wanaoshuka. Jana alikuja yeye mwenyewe na suti yake ya mbizi, anataka kuonyesha wageni kwamba bado anaweza. Ana mafua, na mafua chini ya maji hupasua ngoma ya sikio. Nikamwambia, "Wewe hushuki." Akaniuliza, "Kambare, unajua unaongea na nani?" Nikamjibu, "Naongea na pua iliyoziba." Wageni walicheka, yeye hakucheka. Hakushuka.

Kumkatalia mtu usiyempenda sana kumenitoa jasho. Nikakufikiria.

Mjomba wako


15 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Bingwa ameniandikia: kiraka kimeshika vizuri, hakuna tundu. Lakini mimi sitakupima. Nikikuambia unafaa, watu watasema ni undugu, na mimi mwenyewe sitajua kama ni sikio nililoliona au ni wewe. Nenda kwa Mnara. Atakalosema, mimi na wewe tutalikubali. Umesikia?

Mpwa wako


9 Februari

Daktari wangu,

Marahaba. Nimesikia, nikaenda. Mnara alinipandisha kile kistuli chake mpaka nikamtukania ukoo, akachungulia sikio kwa taa, akapuliza, nikapuliza, kimya. Ameandika lile neno fupi. Leo asubuhi nimeshuka.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu sikujua kama ni jambo. Siku zote nikifika chini, bwawa huzunguka. Nashika chuma, nafumba macho, nangoja lichoke kuzunguka, ndipo naanza kazi. Nilidhani ndivyo palivyo kwa kila mtu. Utamuulizaje mwenzako kama chini ya maji panazunguka?

Leo nimefika, nikashika chuma, nikafumba macho, nikangoja.

Nikangoja tena. Nikafumbua. Gogo limelala pale. Majani yamesimama wima kwenye maji. Samaki mdogo kama kidole alikuwa ananitazama, na yeye hakuwa na haraka.

Nimekaa muda mrefu bila kugusa kitu, mpaka msimamizi akaniita kwenye simu ya barakoa. "Kambare, mbona kimya? Kuna nini huko?"

Nikamwambia, "Pametulia."

"Sema vizuri. Unahitaji kuvutwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Niache kidogo."

Mjomba wako