Kwa Nini Musyoka Amerudi Bila Baisikeli

Baba Mwikali, huko uliko Mombasa,

Barua hii sikuitia bahasha. Ndugu yako Musyoka atakuletea hivi hivi, na akitaka kuisoma njiani asome, na atakaoketi nao wasome pia. Sina siri. Nina hasira.

Ati umemtuma aje achukue baisikeli! Tangu uende kutafuta kazi bandarini hatujasikia neno lako, hata salamu ya watoto. Halafu siku neno linafika, ni la baisikeli. Musyoka mwenyewe aliona haya. Alisimama mlangoni akikunja kofia yake, akasema, "Shemeji, mimi nimetumwa tu." Nikampa chai, na sasa nampa na hii karatasi.

Unakumbuka ilipokuwa mpya? Siku tuliyotoka kanisani Mbumbuni ulinibeba kwenye keria, gauni nimelikusanya mapajani lisiingie kwenye spoku, na akina mama wanatupigia vigelegele. Nilikushika kiuno nikaona dunia yote ni yetu. Baadaye, ukirudi kutoka kazini Sultan Hamud, nilikuwa nasikia ile tik-tik-tik ya gurudumu ukiteremka bila kukanyaga pedali, najua umefika kwa kona, naweka sufuria ya ugali motoni. Nilikupenda wewe. Usidhani nimesahau.

Lakini mimi kuigusa, hapana. "Chuma ni cha mwanamume," ulisema. Kila Jumamosi unaipindua kando ya ghala, unaimiminia ile oili nyeusi iliyotolewa kwa malori, uliyokuwa ukipewa bure gereji. Tik-tik ikaanza kupotea. Nikakuambia. Ukacheka, "Sikia ilivyonyamaza! Hayo ndiyo mafuta." Majirani wakaja kukuomba oili, baisikeli zao nazo zikanyamaza, na ninyi wanaume mkapongezana.

Ukaondoka. Kiangazi kikashika, kisima cha karibu kikakauka, ikabidi nifuate maji kule mtoni tunakochimba mchangani. Ni mbali, unajua. Bila baisikeli watoto wanalala na kiu. Nayo ndiyo ikaanza kuniangusha: nakanyaga, pedali inazunguka bure, gurudumu limelala. Siku moja nikaanguka nayo pale mwinuko unapoanzia, maji yote yakanywewa na vumbi. Nililia, na si kwa sababu ya goti.

Nikaipeleka kwa Kioko fundi. Akaiangalia, akaniangalia. "Mwenyewe yuko wapi? Mimi baisikeli ya mtu siifungui bila mwenyewe." Mwenyewe! Akakaza cheni tu, akanirudishia. Ikateleza vile vile.

Basi nikaipindua mimi. Nikashika gurudumu la nyuma lisizunguke, nikazungusha pedali kwenda mbele. Baisikeli nzima ingegoma. Hii haikugoma. Cheni ilikwenda na yale meno inayoyashika yakaenda, bila kuruka hata jino moja. Kumbe si cheni, ugonjwa uko ndani ya friwili, pale katikati ya gurudumu la nyuma.

Nikatandika leso, nikagonga kifuniko chake kwa msumari na nyundo. Kilikataa kabisa mpaka nilipokigonga kwenda upande ule unaodhani ni wa kukaza. Gololi zikamwagika. Ndani, Baba Mwikali, kulikuwa na uji mweusi: oili yako imeshikana na vumbi letu. Vile vijino viwili vinavyoinuka kukamata gurudumu, ndivyo vinavyolia tik-tik, vilikuwa vimegandia humo, springi haziwezi kuviinua. Huo ndio unyamavu uliokuwa ukijivunia! Nikaviosha kwa mafuta ya taa mpaka vikawa vinaruka vyenyewe nikivigusa, nikatia tone la mafuta ya cherehani, nikarudisha gololi moja moja.

Jioni yake, nikitoka mtoni, nikaumaliza mwinuko nikateremka nayo kuja nyumbani. Tik-tik-tik. Mwikali akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, anaita, "Baba amekuja! Baba!" Akafika kwa kona, akaniona ni mimi. Alifungua mtungi mmoja kwenye keria akaubeba nyumbani, na usiniulize uso wake ulikuwaje.

Kioko alinikosea, kiangazi kimenitesa, hayo nimeyameza. Hili la mtoto limenikaa kooni. Naomba kila Jumapili nikusamehe, na Jumatatu nikisikia tik-tik hasira inarudi mpya.

Kwa hivyo Musyoka anarudi mikono mitupu. Asilaumiwe. Mwambie Kioko, ukimwona, kwamba mwenyewe amepatikana. Na wewe ukiitaka, njoo mwenyewe, uniombe mbele ya watoto. Ila usije na baisikeli ya mtu. Njoo kwa miguu, Mwikali asisikie chochote mpaka awe amekuona kwa macho.

Ni mimi, Mama Mwikali,
mwenye baisikeli.